Nyumba Yetu Ilipokosa Moshi

Mwanangu Hawa,

Mimi baba yako Ramadhani ni mutu wa miaka sabini na moja, au sabini na tatu, kwa sababu Mzungu aliyeniandika jeshini alitazama meno yangu kama ya punda akaweka mwaka alioutaka yeye. Nimezika wake wawili kabla ya mama yako. Nimemaliza vita ya Burma, nimemaliza Wangereza, nimemaliza hata nyoka aliyeniuma njia ya Vurra: yeye alikufa, mimi niko. Wale tulioandikwa jeshini siku moja hapa Arua, nimebaki peke yangu. Kwa hiyo usifikiri mzee anaandika kwa sababu ya woga. Woga mimi sijui. Ninaandika kwa sababu iko kitu kimoja nimeshindwa kukielewa, na kesho asubuhi lori la Koboko linakuja.

Jua bado liko juu. Nimekaa barazani na kalamu ya risasi. Mama yako na shangazi zako wamejaa jikoni, wamenifukuza mara mbili. Barua hii sikutaka mutu mwingine aniandikie, ingawa mwalimu wa msikiti aliniomba sana. Herufi zangu nilifundishwa jeshini na zinatembea kama kuku, moja huku, moja kule. Soma polepole, utazishika.

Mambo ya kuamka mapema, na kumsalimia mama mkwe kwa magoti, na kutosema sana mbele ya wageni, mama yako amekwisha kukuambia, na shangazi wamerudia mpaka masikio yangu mimi ndiyo yameuma. Sitaongeza. Mimi nataka kusema juu ya mikebe.

Wewe unafikiri unaijua habari ya mikebe kwa sababu ulikuwepo. Unaijua nusu.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili, mdogo wako Saidi alikuwa anaingia mitatu. Bilali, mtoto wa dada yangu, alikuwa amepandishwa kuwa sajini, akaanza kutuletea vitu kutoka duka la jeshi. Kwanza mkebe mmoja wa nyama. Niliuweka juu ya meza, nikauzungusha, nikamwita kila aliyepita njiani aje auone. Baadaye zikaja katoni. Nyama, samaki wa mchuzi mwekundu, maziwa ya unga, jamu, biskuti ngumu kama tofali. Na huo ulikuwa wakati Wahindi wamekwisha ondoka, maduka ya Arua yamebaki rafu na vumbi, mutu anatafuta sabuni kama anatafuta mke. Lakini kwa Ramadhani iko jamu! Nani mwingine mtaa huu wote wa Awindiri alikuwa na jamu? Nitajie mmoja tu.

Siku ilipofika katoni ya tatu nilisimama kwenye mlango wa jiko. Nikasema, "Mariamu, kuanzia leo sitaki moshi katika nyumba hii."

Mama yako alikuwa ameinama anapuliza moto. Hakugeuka. "Moshi imekukosea nini, Baba Hawa?"

"Moshi ni ya watu wa shamba. Sisi tumeendelea."

"Na huu unga wa muhogo mama yangu alileta kutoka Logiri?"

"Pea kuku."

"Kuku gani? Si hao unawapa jamu?"

Wewe ulicheka. Nilikutazama, ukaacha kucheka. Halafu nilichukua birika la maji ya kutawadha nikalimwaga juu ya mafiga. Moto ulilia, fffff, majivu yakaruka mpaka kwenye kitambaa cha mama yako. Alijifuta uso akatoka. Mimi nilisimama pale na birika tupu mkononi nikijiona mkubwa. Miaka saba imepita, na mpaka leo sijui nilikuwa nashindana na nani.

Mikebe tupu sikuitupa. Unakumbuka niliipanga juu ya ukuta, upande wa barabara, picha zikitazama njia: ng'ombe mwekundu, samaki, ng'ombe mwekundu, samaki. Kila Ijumaa kabla ya msikiti nilifuta vumbi mmoja mmoja. Watu wakaanza kuniita Mzee Mikebe. Mimi nilidhani wananipa cheo.

Siku ya nne bila moto, asubuhi, nikasikia vilio kwenye lango. Mama Faiza, jirani yetu, amefunga kanga kichwani, nyuma yake wanawake sita na mikeka, na sufuria za chakula zimefunikwa. Akanishika mikono yangu miwili. "Mzee Ramadhani, pole, pole, Mungu amempenda zaidi. Ni nani? Ni mdogo?"

"Mdogo gani?"

"Si tumeona jiko lenu halitoi moshi siku tatu. Tukasema, hawa wamefiwa na hawataki kusumbua watu."

Ni kweli, kwetu nyumba ikifiwa haiwashi moto, majirani ndio wanapika na kuleta. Mutu mwenye akili angecheka, angewakaribisha, mngekula nyote. Mimi nilikasirika kama nimetukanwa. Nikawaambia hapa hakuna maiti, hapa iko maendeleo, na kila mwanamke nikampa mkebe mmoja wa samaki na kumrudisha na sufuria yake. Mama Faiza alisimama pale ameshika samaki mkono mmoja na maharage mkono mwingine. Akasema, "Basi Mzee, wakati mnafiwa kweli, mtupigie filimbi."

Walipotoka, Saidi aliifuata ile sufuria. Alikuwa uchi, tumbo mbele, anafuata harufu ya maharage mpaka barabarani, anafuata tu. Wewe ndiye uliyekimbia kumbeba. Nilikuona ukimbeba, na nilikuona ukinusa hewa wewe pia. Nikaingia ndani nikafungua jamu.

Nakuambia haya kwa sababu hukuyaona kutoka upande wangu. Kutoka upande wangu mimi nilikuwa nawapa chakula cha wakubwa. Nilifikiri, watoto wangu wanakula kama maafisa. Lakini Saidi alikuwa halambi kitu ila sukari na maziwa ya unga, mikono yake ikawa kama vijiti, usiku na mchana analia. Nikasema ni meno. Mama yako akasema ni tumbo. Nikasema ni meno. Nikiwa nimesema kitu, mimi, nimesema.

Ndipo bibi yako Letiru akaja. Mama ya mama yako, alitembea kutoka Logiri na kikapu kichwani: mbegu za simsim, majani ya kunde yaliyokaushwa, unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi wa kusonga enyasa, ule ugali wao mweusi. Nikamwekea kiti changu mwenyewe. Nikamfungulia samaki mbele ya macho yake, nikaweka kwenye sahani ya maua, biskuti nne pembeni. Hakugusa.

"Mkwe, nani alipika hii?"

"Mama, hii imepikwa na mashine. Ulaya."

"Mashine. Huyo mashine ni mutoto wa nani?"

"Mama, mashine si mutu."

"Ananijua mimi?"

"Hakujui."

"Basi chakula yake nitaishukuru kwa nani?"

Nilicheka sana. Nilicheka mpaka machozi, nikamwita Bilali aje asikie bibi wa Logiri anauliza ukoo wa mashine. Bibi yako hakukasirika. Alimwangalia Saidi, akamshika mguu hapa kwenye kifundo kwa vidole viwili, na vidole vikakutana. Kisha akamwambia mama yako kwa Kilugbara kitu ambacho mimi sikukisikia vizuri, na mama yako akaingia ndani akafunga nguo. Wakaondoka watatu, mtoto mgongoni. Mama yako kwenye lango alisema, "Hawa atakaa na wewe. Mutu lazima abaki akufungulie."

Mwanangu, mimi sikuelewa kwamba lile lilikuwa tusi. Nilielewa baadaye sana, nikiwa nalima.

Sasa tunakuja kwenye kidole chako.

Tulibaki mimi na wewe na katoni mbili. Kila jioni nilikaa barazani nikaita, "Hawa, lete nyama," na wewe ukaenda kufungua na kile kifungua mkebe changu cha chuma, kile cha jeshi, kikubwa kuliko mkono wako. Siku ile kilikwama. Ulikivuta, mdomo wa mkebe ukakukata hapa kwenye kidole gumba, mpaka nyama ya ndani. Ulikuja kwangu umefunga mkono kwenye gauni na gauni limekuwa jekundu. Ulikuwa karibu kulia. Nami nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Askari halii. Na umefungua vibaya, unaanzia kwenye mshono."

Hukulia. Ulimeza kilio chako kama mutu anameza jiwe. Nikakufunga na kitambaa, nikala ile nyama. Ndiyo, niliila.

Kesho yake mkono umefungwa, uliniuliza, sauti ndogo, bila ubaya: "Baba, kule vitani nani alikuwa anawafungulia?"

Nilisema nenda kachote maji. Nitajibu leo.

Ni mimi, Hawa. Nilikuwa mimi.

Yale yote niliyowasimulia, wewe na Saidi na watoto wote wa Awindiri, kile kilima tulichopanda kwa tumbo, ile mizinga niliyoipiga mpaka nikawa kiziwi sikio la kushoto, sikupanda na sikupiga. Bunduki nilibeba, kila mutu alibeba, lakini risasi zangu nilizirudisha zote zinang'aa. Mimi nilikuwa jikoni. Na siyo mpishi, kwa sababu mpishi alikuwa mutu wa Gulu mwenye maneno mengi. Mimi nilikuwa mfunguaji. Toka alfajiri mpaka jioni, kazi ya Ramadhani ni kufungua. Kile kilima nilikiona wakati wengine wamekwisha kukichukua, nikipanda na gunia la mikebe mgongoni. Sikio la kushoto ni ugonjwa wa utotoni, muulize nani, wote wamekufa.

Lakini sikiliza. Siku moja mvua ilinyesha, askari wengi walirudi kwa wakati mmoja, njaa imewafanya wakali kama nyigu. Nilifungua mikebe mia na zaidi bila kupumzika, bila kujikata hata mara moja. Afisa mmoja alikuwa amesimama anatazama. Akaniambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Mzuri sana, Ramadhani. Mkono safi." Akajua jina langu! Mimi hakuna mutu mwingine katika maisha yangu, si baba yangu, si imamu, si mkubwa yeyote, aliyepata kusimama akatazama kazi yangu akasema nzuri. Kwa hiyo mkebe ulipoingia nyumbani kwetu, wengine waliona samaki. Mimi niliona kama yule afisa amerudi.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kabisa. Kule Burma, tukilala kwenye matope, tulikuwa tunaota chakula. Unafikiri mfunguaji aliota mikebe? Aliota bamia kavu ya mama yake. Aliota kisra ya mama yake, ule mkate wa mtama, nyembamba kama karatasi, anaipaka kwenye sahani ya chuma kwa jani la mtende na inanyanyuka yenyewe pembeni. Niliwahi kulia kwa ajili ya kisra, mutu mzima, na koti la jeshi mwilini. Basi kule kwenye mikebe nilitaka bamia, na nilipopata mke anayepika bamia nikamwaga maji motoni nikataka mikebe. Nieleze wewe uliyefika darasa la saba. Mimi nimefikiria mpaka nywele zimeisha.

Tulikwenda Logiri mimi na wewe, unakumbuka, wewe umekaa nyuma ya baiskeli, mkono umefungwa. Nilikwenda kuomba mke wangu arudi. Na nilibeba nini kama zawadi? Katoni ya samaki! Mke amekimbia samaki, mimi nikamfuata na samaki.

Bibi yako alikuwa amekaa uani anapeta wimbi. Akatazama katoni. "Hiyo weka kwa kivuli, mkwe, isipate jua ikafa mara ya pili." Akatazama mkono wako. Alifungua kitambaa, akatazama kidole, akakifunga tena. Hakuniuliza. Afadhali angeniuliza.

Nikasema nimekuja na maneno mazuri. Nikasema kama ni faini nitatoa, kama ni mbuzi, kama ni shuka.

"Sitaki mbuzi," akasema. "Moto iko pale. Unga iko pale. Mimi iko na njaa. Pika, nitakula ya mkono yako."

"Mama, mimi ni askari."

"Sikuuliza hiyo."

Wewe ulisimama karibu na nguzo ya ghala. Mama yako hakutoka ndani, lakini niliona miguu yake chini ya pazia. Na Ondoma, kaka yake, yule mwenye mdomo, alikwisha kupiga kelele mpaka nyumba za mbali: "Njooni! Njooni muone mutu wa Burma anapigana na muhogo!" Wakaja. Wakaleta viti.

Nikaweka sufuria, nikatia maji, nikatia unga papo hapo, nikakoroga, kama maziwa ya unga. Hivyo ndivyo nilivyojua: maji, unga, koroga, imekwisha. Ilikuwa kama chokaa ya kupaka ukuta. Ondoma akasema, "Afande, hiyo tutakula au tutajengea?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mikono yangu, ile mikono safi, ilikuwa imejaa chokaa mpaka kwenye viwiko.

Ndipo wewe ukaja upande wangu wa kulia, kwenye sikio zuri, ukasema polepole wasisikie, "Baba, maji kwanza yachemke."

Nikamwaga ile chokaa. Nikaanza tena. Maji yakachemka, ukasema sasa, nikatia. Ukasema kidogo, nikatia kidogo. Ukasema geuza mwiko kutoka chini, nikageuza kutoka chini, mpaka mgongo ukalia. Majani ya kunde niliyatia maji ya majivu ili yalainike, nikazidisha, yakawa na ladha ya sabuni, nikazidisha na simsim ili kuficha sabuni. Moshi uliingia machoni na nikafurahi, kwa sababu hakuna aliyejua ni nini kinatoka machoni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtoto ananiamrisha nami nafanya. Mkono uliokatwa kwa ajili ya chakula changu ndio ulionionyesha kupika.

Bibi yako alikula. Alimega mara tatu, akachovya, akatafuna na macho amefumba. Akaomba maji. Akakaa. Kisha akasema mbele ya wote, "Huyu mashine bado anajifunza. Lakini huyu namjua ni mutoto wa nani." Akamwita mama yako atoke.

Nasema wazi kwamba enyasa ile ilikuwa nzuri kuliko wanavyosema. Ondoma alirudia kula mara ya pili, usimsikilize.

Saidi alikuwa amenona. Siku ishirini tu za uji wa wimbi na karanga, na alikuwa anakimbia kufukuza mbuzi. Mpaka leo sijui kama ni uji, au ni bibi, au ni kwa sababu alikuwa mbali na mimi. Namuuliza mama yako, anasema, "Baba Hawa, kula chakula yako."

Ukafikiri habari imeisha hapo, kwa sababu tulirudi Awindiri moshi ukapanda. Haikuisha. Saidi alilia jamu wiki mbili. Wewe mwenyewe ulikunja uso kwa majani machungu na ukaficha mengine chini ya mkeka, niliyaona. Mama yako alikuwa anasaga simsim toka asubuhi, anakausha bamia juu ya paa, kuni zinakwisha, mikono inamuuma, na hakuna aliyemshukuru kwa sababu sisi sote tulikuwa tumezoea chakula cha kufungua tu. Alifanya hivyo kila siku. Mikebe ya ukutani aliishusha mmoja mmoja, hakuniuliza. Mingine ikawa taa za utambi, mingine kipimo cha karanga, mmoja umepandwa kitunguu. Na mimi niliyetangaza msikitini kwamba Ramadhani ndiye aliyerudisha chakula cha kwetu, na kwamba Arua nzima ije ijifunze kwake, nilikuwa na biskuti nyuma ya ghala, ndani ya gunia la mkaa. Nilikwenda kule kila alasiri kama mutu anakwenda kutazama kuku. Siku moja nilikuta gunia limesogezwa na biskuti zimefunikwa kwa jani safi, vumbi la mkaa lisiingie. Najua ni wewe. Hukumwambia mama yako. Sikukushukuru. Nashukuru leo. Na zilikwisha zenyewe, sikununua nyingine, nisadiki. Au tuseme nilinunua mara moja.

Sasa nakuja kwenye kitu kinachonichoma.

Yusufu alipokuja kukuposa alileta wazee wanne kutoka Koboko, nguo nyeupe, maneno laini. Kijana anaendesha lori, vitu vinavuka mpaka, mkono wake haukosi kitu. Nyuma ya wazee, wakaingiza katoni mbili. Mmoja akapasua karatasi, nikaona picha. Ng'ombe mwekundu. Hawa, moyo wangu uliruka kama wa mtoto. Nikasema ndiyo wakati mzee wa mwisho bado hajakaa vizuri kwenye mkeka.

Sikukuuliza. Nilisema msichana akinyamaza amekubali, na wewe ulinyamaza.

Juzi nilikuwa namwambia mama yako jinsi nilivyokupatia nyumba yenye kila kitu, hutashika kuni tena. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Umemuuliza mtoto?"

"Amenyamaza. Amekubali."

Hakuinua kichwa. "Hata siku ile ya kidole alinyamaza."

Nilitoka nje. Nilitembea mpaka sokoni nikarudi sikununua kitu, watu wananisalimia siwaoni. Kwa sababu ni kweli. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Nilikuambia askari halii, na wewe ukawa askari kuliko mimi. Basi kimya chako nitakisoma namna gani? Inawezekana unampenda Yusufu na kila kitu iko sawa, na mimi ni mzee anayesumbuka bure. Inawezekana umemeza jiwe lingine. Nakutazama unavyokunja nguo, unaimba kidogo, unaacha kuimba. Sijui. Nasema tena, mimi Ramadhani, ambaye hakuna mutu Awindiri amepata kumsikia akisema sijui: sijui.

Yusufu mwenyewe simsemi vibaya. Aliponipa mkono aliutoa mkono wa mutu wa kazi. Lakini sijui kama anajua kwamba maji yanachemka kwanza.

Kile kifungua mkebe nilikiweka ndani ya sanduku lako, nikakitoa, nikakiweka tena. Sasa sikumbuki kiko wapi. Ukikikuta, usifikiri ni ujumbe.

Barua hii naitia ndani ya kikapu chako cha simsim sasa hivi, kabla ya magharibi, utaiona ukifunga mizigo. Ndoa bado haijafungwa, inafungwa Koboko. Kwa hiyo iko nafasi. Sitakuuliza kwa mdomo, kwa sababu ukiniona uso utasema ndiyo. Nimemwambia mama yako kesho asiguse jiko, na shangazi zako wasiguse. Wamenitazama kama mutu mwenye homa. Kukipambazuka, kama unataka kwenda, washa moto mwenyewe, unipikie uji wa wimbi, tunywe, nikupandishe kwenye lori. Kama hutaki, usiwashe. Lala. Mimi nitakuwa hapa barazani natazama juu ya paa la jiko, na nisipoona moshi nitajua, na nitasimama kwenye lango niwaambie wazee wa Koboko kwamba kosa ni langu, nilijibu kabla ya kuuliza. Katoni zao nitawarudishia. Moja imefunguliwa, nitawaambia hivyo pia.

Na kama moshi utapanda, mwambie Yusufu kwamba siku ya soko ya kwanza baada ya harusi baba mkwe wake anakuja Koboko na anakuja na njaa. Asifungue kitu. Wewe ukae kwenye kiti. Yeye ndiye atapika, mbele ya ndugu zake wote, nami nitakula ya mkono wake.

Haya yote niliyoandika si uongo. Ya sufuria zilizorudishwa, muulize Mama Faiza, bado ananidai filimbi. Ya chokaa, muulize Ondoma, lakini umkatie nusu ya maneno. Ya katoni, muulize Bilali. Ya maji niliyomwaga motoni anajua mama yako, ambaye hakupata kunikumbusha hata siku moja. Ya Burma hakuna aliye hai wa kuthibitisha kwamba nilikuwa mfunguaji tu, kwa sababu nimewamaliza wote. Umebaki wewe, ambaye nimekuambia leo. Na ya kidole, shahidi ni kidole.

Baba yako,
Ramadhani